Mlanuru na Kipekuzi: Maneno kwa Vijana Wanaoandika Hadithi za Ajabu

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wazazi mliojitokeza, na ninyi vijana ambao ndio wenye siku: itifaki imezingatiwa, naomba niende moja kwa moja kwenye jambo lililonileta.

Nilipewa miswada yenu niisome kabla ya kuja hapa. Nimeisoma yote, mingine nikiwa nimejifunika shuka mpaka kidevuni. Na nimekutana na mnyama yuleyule katika kurasa za watu wasiofahamiana. Kwa mmoja ni jini lililotoroka katika mapango ya Amboni, kwa mwingine ni fisi wa sayari ya mbali, kwa wa tatu hana hata jina, lakini ni yeye tu: kiumbe mweusi anayefyonza mwanga. Na mkononi mwa adui, au mwa serikali ya mji wa kubuni, kuna chombo kilekile kinachosoma mawazo ya watu. Kwa kuwa mmevipa majina mengi, leo nitavibatiza ili tuelewane. Mnyama tumwite mlanuru. Chombo tukiite kipekuzi.

Sikuja kuwaambia mviache. Navipenda vyote viwili. Ila mimi ni mwalimu wa fizikia niliyestaafu, na lalamiko langu ni la kifizikia. Katika miswada mingi, mlanuru na kipekuzi havina kazi. Mlanuru anatokea, watu wanapiga mayowe, anaondoka. Kipekuzi kinawashwa, siri inatoka, sura inaisha. Hakuna aliyeuliza nuru ikishaliwa inakwenda wapi, wala mawazo yanatolewa kichwani kwa njia gani. Nami nasema hadithi zenu zimelala ndani ya maswali hayo mawili, zinangoja kuamshwa.

Najua yupo anayenong'ona kwamba hii ni fantasia, fizikia ya nini? Swali halali. Shaaban Robert alituwekea nchi nzima ikielea hewani, mwaka 1951, na hakuna msomaji aliyedai aonyeshwe nguzo zake. Lakini tazameni alivyoitumia. Karama anaposhtakiwa huko Kusadikika, haokolewi na nchi kuelea. Anajiokoa kwa ulimi wake, mbele ya wakubwa wenye hasira. Ajabu imekaa pembeni, mzigo wa hadithi kabebeshwa mtu. Ninyi mmemtwisha mlanuru mzigo wenyewe: yeye ndiye anayeua, yeye ndiye anayeokoa, yeye ndiye anayefunga kitabu. Kitu kikishabeba mzigo wa namna hiyo, msomaji ana haki ya kukigongagonga asikie kama kina ufa.

Basi tuanze na weusi wenyewe.

Kitu cheusi ni kile kinachomeza mwanga unaokiangukia na kurudisha kidogo. Shati jeusi, makaa, lami ya barabarani, vyote hurudisha kiasi fulani, na hicho kidogo ndicho kinachotuonyesha mikunjo ya shati na kokoto za lami. Mwaka 2014 kampuni ya Uingereza, Surrey NanoSystems, ilitangaza tabaka jeusi linaloitwa Vantablack, lililoundwa kwa vijineli vya kaboni vyembamba mno visivyoonekana kwa macho, vikiwa vimesimama wima. Humeza asilimia 99.965 ya mwanga unaoonekana. Karatasi ya alumini iliyokunjwakunjwa ikiwekewa tabaka hilo, mikunjo yote hupotea machoni. Mkono unaigusa na kuihisi, jicho linaona bapa tupu.

Sasa mrudieni mnyama wenu. Katika muswada mmoja nimesoma kuwa ana misuli iliyotuna na uso uliojaa chuki. Mwanangu, umeuonaje huo uso? Ikiwa hakuna nuru inayorudi, hakuna misuli, hakuna uso, na chuki umeileta wewe. Kuna mstari wa nje wa mwili tu. Shujaa wako hawezi kujua kama mnyama amempa uso au kisogo. Hawezi kujua kama yuko hatua tano naye ni mdogo, au hatua hamsini naye ni mkubwa. Hebu andika mtu aliyesimama mbele ya kitu hicho akijaribu kukisia kama kinamjia au kinaondoka, uone kama utahitaji kutaja meno. Kitakachomsaliti mnyama ni macho, kwa sababu jicho lazima liwe na unyevu, na unyevu hung'aa. Nukta mbili ndogo. Akifumba, hata hizo hazipo.

Jambo jingine ambalo nimelikuta karibu kwa kila mtu: mlanuru anaingia sebuleni na chumba kizima kinazama gizani. Hapana. Akimeza mwanga unaomgusa mwilini mwake, kuta zinaendelea kupokea wa kwao. Utaona sebule yenye taa, makochi, picha ya ukutani, na katikati pengo lenye miguu. Mnaona ilivyo mbaya zaidi? Ukitaka chumba kiwe giza kweli, mpeleke mnyama akaifunike taa yenyewe, na hapo umeshapata tendo: anatembea, mtu anamwona anakoelekea, mtu anajua ana sekunde ngapi. Kama unataka avute hata mwanga usiomgusa, basi umeandika shimo jeusi la angani, na shimo jeusi haliachi makochi.

Viumbe wa kweli wa namna hii wapo, na si wa angani. Mtafiti Karen Osborn wa Taasisi ya Smithsonian, Marekani, alikuwa akijaribu kupiga picha samaki wa vilindini, na picha zinamkatalia: mwanga wa kamera unakwenda kwa samaki na haurudi. Yeye na wenzake wakapima, na mwaka 2020 wakachapisha habari za aina 16 za samaki ambao ngozi yao hurudisha pungufu ya nusu ya asilimia moja ya mwanga. Mmoja wao, wa jamii ya Oneirodes, alirudisha asilimia 0.04 tu. Siri iko kwenye melanini, ile rangi ya asili inayoitia ngozi weusi. Chembe zake zimesongamana katika tabaka jembamba chini ya uso wa ngozi, na ukubwa na umbo lake ni wa namna ambayo mwanga ukiikwepa chembe moja husukumwa pembeni ukaingia kwa jirani.

Kwa nini samaki ajitaabishe hivyo? Huko chini jua halifiki. Mwanga uliopo hutoka kwa wanyama wenyewe, na wapo wanaowasha taa zao kuwindia. Samaki asiyerudisha mwanga, akimulikwa, hayupo. Mwingine ana chambo kinachowaka mbele ya mdomo wake mwenyewe, na asingekuwa mweusi kiasi hicho taa yake ingemwumbua kwa windo. Na yupo ambaye weusi huo umezunguka utumbo tu, kwa sababu hula viumbe wanaowaka, na windo likiendelea kuwaka tumboni litamwitia wakubwa wake.

Hapa nataka tukae kidogo. Weusi uliokithiri kuliko wote baharini ni weusi wa mtu anayejificha. Katika miswada yenu yote mlanuru ni dhalimu. Sijakutana na hata mmoja mwenye hofu. Sijakutana na mmoja ambaye anafyonza nuru kwa sababu kuna mkubwa zaidi anayezunguka na kurunzi. Na hofu si sababu pekee. Kuna ndege wa New Guinea, wale ambao Wazungu huwaita ndege wa peponi, ambao manyoya yao meusi hufyonza mpaka asilimia 99.95 ya mwanga. Madume huyatandaza mbele ya majike, na kibaka cha buluu kilichozungukwa na weusi ule huonekana kana kwamba kinawaka chenyewe. Kwa hao, kula nuru ni kujipamba. Sisi tunaoandika Kiswahili, ambao wengi wetu tumezaliwa na melanini ya kutosha, sijui nani alitutuma kila kiumbe cheusi tukifanye shetani. Lakini hilo ni la siku nyingine.

Sasa hesabu, nayo ni fupi.

Jua la saa sita mchana, anga ikiwa safi, huleta kama wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba ya ardhi. Mlanuru mwenye mgongo wa mita mbili za mraba, yaani wa kadiri ya ng'ombe, atakuwa anameza wati 2,000. Hizo ni pasi mbili za umeme zimewashwa kwa pamoja na hazizimwi mpaka jua lipinduke. Nishati haipotei. Ikiingia, lazima itokee mahali.

Njia ya kwanza ni joto. Dodoma, mwezi wa kumi, mlanuru akisimama uwanjani muda wa kipindi kimoja cha darasa ataanza kujipika. Kwa hiyo hatembei mchana. Au anatembea akiwa na maji karibu. Au ana masikio mapana ya kutolea joto mfano wa tembo, nayo yataharibu lile umbo la kutisha mlilompa, samahani. Tena joto linalotoka mwilini ni mwanga pia, ila macho yetu hayauoni. Chatu anauhisi. Kwenye midomo yake ana vishimo vinavyopokea joto la mnyama katikati ya giza. Maana yake, yule ambaye hakuna binadamu anayeweza kumwona usiku, kwa chatu ndiye anayewaka kuliko kitu kingine chochote porini. Nani kati yenu amewahi kufikiria kijiji kinachofuga chatu kwa ajili ya ulinzi? Nimekitoa bure, kichukueni.

Njia ya pili ni kuila kweli, kama mmea unavyofanya. Huko pwani ya mashariki ya Amerika Kaskazini kuna konokono wa baharini asiye na gamba, Elysia chlorotica, ambaye hula mwani na kuvitunza mwilini vile viungo vya kijani vya mmea vikiwa hai kwa miezi, mwili wake ukageuka rangi ya jani. Mwanadamu aliyepumzika hutumia nishati ya kadiri ya wati 100. Mlanuru mwenye wati 2,000 za jua, akiweza kutumia hata sehemu ya kumi yake, ana posho ya watu wawili na hajatafuna kitu. Ataifanyia nini ziada? Atakua. Hapo ndipo namkumbuka Nunda mla watu, ambaye wazee wetu wa pwani walimsimulia vizuri kuliko tunavyosimulia sisi. Hakushuka kutoka mbinguni akiwa zimwi. Alikuwa paka wa sultani. Akala vifaranga, sultani akapuuza, kwa kuwa paka ni wake na kuku ni wake. Kila alichokula kikamwongezea mwili wa kula kikubwa zaidi, mpaka siku habari zilipofika kwa sultani kwamba wanawe mwenyewe wameliwa. Kutisha kwa hadithi ile kumo katika hesabu yake. Msikilizaji anaona kesho itakuwaje, sultani haoni.

Na masika je? Kuanzia mwezi wa tatu mawingu yanatanda, jua halionekani siku kadhaa mfululizo, na posho ya mlanuru inakatwa. Hapo anashuka mjini kufuata taa. Wengi mmeandika hivyo, na ni wazo zuri, ila pigeni hesabu. Taa ya LED ya wati 9 hutoa mwanga usiozidi wati nne, tena unaotawanyika pande zote. Kibatari hakifikishi hata wati moja ya mwanga. Kuna muswada humu, sitamtaja mwenyewe, ambamo mlanuru anatoka msituni kila usiku, anavuka mto, anakwenda kwenye nyumba ya bibi mmoja mjane na kunyonya kibatari chake. Mwandishi ameandika kuwa ni njaa. Si njaa! Kwa chakula hicho hata panya angekonda. Mnyama anayetembea umbali wote huo kwa ajili ya kibatari, na kurudi akiwa amepoteza kuliko alichopata, anafuata kitu kingine. Labda anamfuata bibi. Niliposoma hapo niliweka karatasi chini nikacheka peke yangu, maana hesabu ya kidato cha pili ilikuwa imefichua mapenzi ambayo mwandishi mwenyewe hakuyajua. Kijana, ukirudi nyumbani iandike upya sura ile.

Nimekaa sana kwa mnyama. Twende kwenye chombo.

Mwaka 1924, katika mji wa Jena, Ujerumani, daktari Hans Berger alirekodi kwa mara ya kwanza umeme wa ubongo wa binadamu kutoka kichwani, na mwaka 1929 akachapisha. Leo kipimo hicho, EEG, kinasaidia wagonjwa wa kifafa dunia nzima. Kilichomsukuma Berger hakikuwa kifafa. Akiwa kijana jeshini, miaka ya 1890, alianguka kutoka kwenye farasi na nusura akanyagwe na gari la mzinga. Jioni ikamfikia telegramu kutoka nyumbani ikimuuliza hali, kwa sababu dada yake alikuwa ameshikwa ghafla na hofu kuwa kaka yake yuko hatarini. Berger aliamini kuwa woga wake ulisafiri mpaka kwa dada yake, akautafuta miaka na miaka huo usafiri. Kwa maneno mengine, mtu huyu alikwenda kutafuta kipekuzi chenu. Alichokipata ni mistari inayopanda na kushuka, ambayo inaweza kukuambia kama mtu amelala au yuko macho, na haikuambii anamwaza nani.

Mwenzake wa Marekani, William Marston, alichukua njia ya shinikizo la damu: mtu akidanganya, damu itamsema. Mwaka 1923 mahakama ya rufaa mjini Washington ilikataa kupokea kipimo chake kama ushahidi. Akahamia kwenye hadithi, na mwaka 1941 akaletea vitabu vya katuni shujaa wa kike mwenye kamba ya ajabu ya kumshurutisha aliyefungwa. Nawapa habari hiyo muone kuwa mpaka kati ya maabara na meza ya mwandishi umevukwa zamani.

Na leo? Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walichapisha kazi ambayo kila mwandishi wa vipekuzi anapaswa kuijua. Walimlaza mtu ndani ya mashine kubwa ya sumaku, ile ya kupiga picha za ubongo, akasikiliza hadithi kwa saa 16, si siku moja bila shaka. Kompyuta ikajifunza jinsi damu inavyotembea ubongoni mwake anaposikia jambo hili au lile. Baada ya hapo iliweza kukisia kwa maneno yake yenyewe kiini cha hadithi mpya aliyosikia, au hata aliyoisimulia kimoyomoyo. Sasa sikilizeni mipaka yake. Iliyofunzwa kwa mtu mmoja haikufaa kwa mwingine. Mhusika akiamua kuhesabu kimya, au kutaja wanyama moyoni, au kujisimulia hadithi nyingine, inapotea njia. Na kwa kuwa inasoma damu, ambayo huchelewa sekunde kadhaa nyuma ya wazo, inachokuonyesha kimeshapita.

Kila mpaka hapo ni sura ya kitabu. Adui hawezi kumpekua mtu asiyemfahamu. Lazima kwanza amfuge, amsimulie hadithi siku nyingi, na mtu anayesimuliwa hadithi siku nyingi huanza kumzoea msimuliaji. Mfungwa anajilinda kwa kuhesabu mbuzi wa babu yake mmoja mmoja. Mlinzi anaona kwenye kioo maneno "anataka kunipiga" wakati rungu limeshatua. Nawaulizeni, ni kipi kitamu zaidi, haya au kile kipekuzi chenu kinachochapisha mawazo ya mtu kwa Kiswahili sanifu chenye mkato na nukta? Mimi nikiwaza, hesabu za pesa nazifanya kwa Kiswahili, kanuni za fizikia zinanijia kwa lugha ya shuleni, na nikijikwaa kidole naita mama kwa lugha ya kijijini kwetu. Sehemu kubwa ya yaliyobaki ni harufu, na wimbo wa tangazo la redio usiotaka kutoka. Kipekuzi kitakachonisoma mimi kitaomba likizo.

Tena kuna jambo la ufundi ambalo mnalisahau. Msimulizi wenu tayari anasoma mawazo. Mnapoandika "Rehema aliogopa, lakini hakutaka mume wake ajue," mmeingia kichwani mwa Rehema bila waya wala betri, na msomaji amewaamini. Basi mashine ya nini? Mashine inafaa pale tu inapoweza kufanya kitu ambacho msimulizi hawezi, nacho ni kukosea.

Kipekuzi kinachokosea, na watu wakakiamini. Hilo hatuhitaji kwenda Texas kulijua. Ramli ni chombo cha kusoma yaliyofichika, nacho tumeishi nacho karne nyingi. Mtu amefiwa na mtoto, anakwenda kwa mpiga ramli, anaambiwa mbaya wake ni fulani, jirani yake. Kanda ya Ziwa bibi vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho ni mekundu kwa sababu wamepikia moshini miaka sitini. Ramli hizo tunaziita chonganishi, na Januari 2015, wakati wa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku wapiga ramli. Angalieni ilipo nguvu katika mambo haya. Haimo kwenye mchanga wala kwenye kibuyu. Imo kwa yule mmoja anayeruhusiwa kusema mchanga umesema nini, na kwa wale wote ambao hawana pa kukata rufaa. Mkiandika mji wenye kipekuzi, niambieni anayekitafsiri ni nani, analipwa na nani, na mtu akisomwa vibaya anamlilia nani. Chile iliingiza ulinzi wa shughuli za ubongo kwenye katiba yake mwaka 2021, ikiwa nchi ya kwanza duniani. Wabunge wao waliiona hadithi kabla yetu.

Sasa niviunganishe viwili hivi, kwa sababu katika miswada yenu vinakutana ukurasa wa mwisho vikapigana tu, na mimi nadhani vinajuana zaidi ya hapo.

Kuna njia nyingine ya kuutazama ubongo, nyepesi kuliko mashine ya sumaku. Mwaka 1977 mwanasayansi Frans Jöbsis alionyesha kuwa mwanga ulio jirani na wekundu, ule tusiouona, hupenya ngozi na mfupa. Leo kuna kofia zinazotumia njia hiyo: upande huu kijitaa kinatuma mwanga kichwani, sentimita tatu kando yake kipokezi kinasubiri kinachorudi, na kutokana na kilichorudi wanakisia damu yenye oksijeni imekwenda sehemu gani ya tabaka la juu la ubongo. Mmeshanielewa? Ni chombo kinachotegemea nuru irudi. Mvalisheni mlanuru kofia hiyo. Taa zinawaka, vipokezi vinasubiri, hakirudi kitu. Katika mji ule mzima uliopekuliwa, yeye peke yake ndiye mwenye siri.

Na nisiwafiche, kofia hizo zina tatizo la kweli. Nywele nyeusi nyingi na ngozi nyeusi humeza sehemu ya ule mwanga, na usomaji unakuwa dhaifu. Ndugu yake, kile kipimo cha kubana kidoleni cha kupimia oksijeni ambacho tulikizoea wakati wa korona, nacho hutegemea mwanga, na utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kuwa kwa wagonjwa weusi kilishindwa kuonyesha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Ni melanini, ileile ya samaki wa vilindini. Kwa samaki kutoonekana ni uzima. Kwa mgonjwa kitandani kutoonekana kunaweza kumuua. Mwandishi anayejua mambo hayo mawili kwa pamoja ana kitabu mikononi mwake, wala halazimiki kumtaja samaki.

Mimi ningeandikaje? Mji una kipekuzi cha mwanga. Kila anayeingia sokoni anapita chini ya kofia. Halafu mchungaji mmoja anaokota mfu wa mlanuru mtoni, anachuna, anajitengenezea kibandiko cha ngozi ndani ya balagashia ili kichwa kisipigwe na baridi. Anapita kwenye kofia, na kofia inasema hapa hapana mtu. Miezi haipiti mingi, ngozi ya mlanuru ina bei. Wenye mali wanavaa, wezi wanavaa, wapenzi wanakopa wakavae. Anayepita kichwa wazi ni maskini, na yeye ndiye anayesomwa kila siku mpaka aibu zake zinajulikana na mgambo. Majangili wanaingia msituni kumtafuta mnyama asiyeonekana. Wanamtafutaje? Kwa chatu. Na serikali iliyokiweka kipekuzi inaunda idara ya kuwalinda walanuru, wakati mkuu wa idara amevaa ngozi mbili, moja juu ya nyingine.

Hakuna hata sentensi moja hapo niliyoiota. Kila moja imefuata swali la nuru inakwenda wapi na mawazo yanatolewaje. Yule bibi mwenye kibatari mwekeni pia, maana kuna siku majangili watabisha hodi kwake wakiuliza mgeni wake wa usiku anapitia njia ipi, nao watakuja na kipekuzi mkononi, naye hana ngozi ya kujifunika kichwani. Ana mbuzi wa babu yake tu, wa kuhesabu.

Mwenyekiti, kengele nimeisikia, na kuna mkono umenyooshwa kule nyuma tangu nilipotaja chatu. Mpeni kipaza sauti.